Mbao Nyekundu Chini ya Kitanda cha Mama

Wiki iliyopita fundi alikuja hapa Ntinda, nyumbani kwa binti yangu, kutengeneza kabati la nguo. Mimi nilikuwa nimeketi barazani nachagua mawe kwenye maharagwe, kwa sababu mtu wa umri wangu akikaa bila kazi watu huanza kumsemesha kwa sauti kubwa kama kiziwi. Fundi akalaza ubao juu ya benchi lake, akapiga randa mara tatu. Upepo ukaleta vumbi mpaka kwenye ungo wangu. Jekundu. Si wekundu wa udongo wetu huu wa Kampala, bali wekundu wa pilipili iliyosagwa. Halafu harufu ikafuata, tamu, yenye ukali kidogo, kama viungo vilivyofungiwa sandukuni. Ungo ukaniponyoka, maharagwe yakatawanyika sakafuni.

"Pole, Jaja," fundi akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Hiyo vumbi ina langi mbaya, itaharibu nguo yako."

"Mbao gani hiyo?"

"Mahogani, Jaja. Mahogani safi kabisa."

"Mahogani ya mama yako," nikamwambia. "Nyinyi siku hizi kila chenye wekundu ni mahogani. Mnachukua kalitunsi, mkaratusi wa kuni, mnaipaka rangi ya viatu, mnamuuzia mtu mahogani. Huo mti unatoka Kongo. Mahogani haina harufu hiyo, na vumbi lake halishiki vidole."

Akacheka mpaka akaweka randa chini. "Banange! Kumbe Jaja ni fundi?"

"Baba yangu alikuwa fundi. Mimi nilikuwa pua yake."

Alidhani natania. Sikuwa natania. Niliinama kuokota maharagwe ili asinione uso.

Shule nilisoma mpaka darasa la pili. La tatu nililichungulia tu mlangoni. Lakini mbao nazijua, na anayebisha alete ubao. Baba alikuwa na banda lake Katwe, bondeni, katikati ya wafua chuma. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka kelele za kule: nyundo kwenye mabati toka asubuhi, mtu akitaka kukuambia jambo anakushika sikio. Kati ya vyuma vyote vile, banda letu ndilo lilikuwa la mbao. Tulikuwa Wanubi, watoto wa askari wa zamani walioletwa wakaachwa, na Baba alipenda kusema kwamba babu yake alikuja na bunduki, baba yake akabaki na panga, yeye amebaki na randa, na kila kizazi kimeshika chuma kidogo kuliko kilichotangulia.

Kila lori la mbao lilipofika, Baba aliniita. "Njoo, pua." Alikuwa anakwangua ubao kwa patasi, analowesha kidole changu kwa mate yangu mwenyewe, anakipitisha pale alipokwangua. Nami nanusa, naonja. Mvule ni mchungu na vumbi lake linakupigisha chafya mpaka unasahau jina lako. Ukikatwa leo ni wa manjano, kisha unakomaa taratibu kama mtu anayeota jua. Musizi ni laini, hauna harufu, na manjano yake yana ukijani, kama ndizi iliyokaribia kuiva. Mugavu una moyo wa kahawia na pembeni ni mweupe, kama mtu aliyevaa kanzu ndani ya koti. Na mpingo kutoka kaskazini ni mweusi na mzito. Baba aliwahi kutupa kipande kwenye karai la maji, kikazama moja kwa moja. Nikalia. Nilidhani amekiua.

Rangi zote nilijifunza pale. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alishika kitambaa, akauliza, "Hii rangi gani?" Nikanyoosha mkono mbele ya wote: "Musizi!" Darasa zima likacheka. Mimi nikawaonea huruma, maana hawajui kitu.

Mti mwekundu ulikuja siku moja tu. Lori lilikuwa limejaa matope mpaka kwenye vioo, na dereva alikuwa Mkongomani mwembamba mwenye maneno mengi. Baba alikwangua, na vumbi lilipodondoka mikononi mwake akaiweka patasi chini. Wekundu ule ulikuwa unapiga kelele kuliko Katwe nzima.

"Muzee, hii muti ni ngula," dereva akasema. "Mchwa haiigusi. Maji haiiozeshi. Weka mu udongo, wajukuu watakuja kuikuta. Na kule kwetu, mwanamuke akizaa, tunasaga unga yake, tunamupaka mwili muzima. Inamurudishia nguvu."

Baba alisikia maneno ya mchwa na udongo. Mimi nilisikia ya mwanamke.

Kwa sababu nyumbani Mama alikuwa amelala. Alikuwa amejifungua mtoto ambaye hakulia, wakamchukua wakiwa wamemfunga kwenye kanga mpya, na tangu siku hiyo Mama hakuinuka sawasawa. Kitanda chake kilikuwa cha kamba, kamba zimelegea katikati, yeye amezama humo kama mtu aliyelala kwenye mtumbwi. Alikuwa analalamika mgongo. Nilikuwa na miaka saba na akili zangu timamu, nikapiga hesabu: Mama amezaa, Mama hana nguvu, kitanda ni kibovu, na mti wa kurudisha nguvu ndio huu. Kilichobaki ni misumari.

Baba alinunua gogo moja. Yeye na rafiki yake Mzee Ramadhani walilipasua kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu, mmoja chini shimoni, na Ramadhani alitoka shimoni mwekundu kuanzia kofia mpaka kucha, watoto wa wafua chuma wakamkimbia. Baadaye Baba akaleta nyumbani mbao saba. Nilizihesabu mimi. Zilikuwa fupi, kama mkono wa mtu mzima na nusu. Alizipiga randa uani, polepole, pande zote mbili, mpaka ukipitisha shavu halikwaruzwi. Alipomaliza akazipanga chini ya kitanda cha Mama, akazifunika gunia.

"Zinakaa hapo kwa nini?" nikamuuliza.

"Zinakauka."

"Zikikauka utapigilia misumari?"

Baba aliokota randa yake, akaifuta, akaifuta tena. "Bado, mwanangu. Hizi mbao hazina haraka."

Maranda yake niliyakusanya kwenye sufuria mbovu, nikayasugua mpaka yakatoa unga, nikampelekea Mama. Nilimwambia ni dawa ya Kongo. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa kuliko uso, lakini alicheka. Akatia mate kwenye unga, akachukua njiti ya kiberiti, akanichora viganja kama anavyochorwa bi harusi kwa hina. Alichora majani na vitone, mstari ukienda upande.

"Na wewe," nikasema. "Dawa ni yako."

Akaninyooshea miguu. Nikampaka nyayo zote mbili, nyekundu, mpaka kwenye vifundo. Akaniambia nifunue gunia azione. Alizitazama mbao zile kwa muda mrefu.

"Baba yako ana mikono mizuri," akasema. "Mwambie nimesema hivyo."

"Atakutengenezea kitanda."

"Eh. Naona."

Sijui kama alijua. Hapana, nisijidanganye uzeeni. Mwanamke aliyeolewa na fundi anajua urefu wa kitanda.

Kila siku nilimsumbua Baba. Akirudi kutoka Katwe, kabla hajavua viatu, namwekea nyundo mlangoni. Anaipita. Nikaiweka juu ya sahani yake ya chakula. Shangazi yangu, dada yake Baba aliyekuwa anatupikia siku hizo, akanipiga kofi. "Mtoto huyu ana nini? Nyundo kwenye sahani!" Baba akaitoa taratibu, akaiweka pembeni, akala. Nikajiambia moyoni: baba yangu ni mvivu. Watu wote anawatengenezea vitanda, mkewe anamlaza kwenye kamba.

Mama alikufa asubuhi, chai ikiwa jikoni. Nyumba ikajaa wanawake, uani kukajaa wanaume. Walipomaliza kumwosha na kumvalisha sanda, wanaume wakabeba jeneza wakatoka nalo haraka, wakipokezana mabega. Nami nikakimbia chumbani. Chini ya kitanda gunia lilikuwa limelala peke yake. Nikatoka mbio mpaka mlangoni, nikamwona Mzee Ramadhani anakwenda nyuma ya watu, mbao zangu saba ziko begani mwake, zimefungwa kamba.

"Anachukua mbao! Anachukua mbao za Mama!"

Shangazi akanidaka kiunoni. "Nyamaza! Rudi ndani. Wanawake hawaendi kule."

"Kule wapi? Anazipeleka wapi?"

"Nimesema nyamaza."

Na ndivyo ilivyo kwetu. Wanawake tunalia nyumbani, wanaume wanakwenda makaburini, wakirudi wanasema tu, "Tumemsitiri." Kinachofanyika kule hakuna anayemweleza mtoto wa kike wa miaka saba. Nilikaa kwenye kizingiti, viganja vyangu bado vina majani ya Mama, nikaelewa kila kitu kwa namna yangu: Baba ameuza mbao. Ramadhani amenunua. Wameuziana mchana kweupe, Mama hajafika hata aendako.

Waliporudi Baba alitangulia. Nilisimama mlangoni, mbele ya watu wote, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naacha ninachofanya.

"Umeuza kitanda cha Mama! Ungepigilia misumari angepona. Wewe ndiye umemuua."

Wanawake wakashika midomo. Mzee Ramadhani akafungua mdomo kusema, Baba akamtikisia kichwa. Akanitazama, akatazama mikono yake iliyojaa udongo mpaka kwenye kucha, kisha akanipita kwa upande, akaenda nyuma ya nyumba kunawa. Alinawa muda mrefu sana.

Baada ya arobaini akaniletea kitanda. Miguu ya mvule, na chaga zake zilikuwa mbao nyekundu. Zilikuwa saba, nazikumbuka, fupi, zimepigwa randa juu na chini, hata upande ambao hakuna mtu angeuona. Alikiweka chumbani kwangu, akasimama pembeni yake kama mtu anayeomba kazi.

"Umechelewa," nikamwambia, maana nilidhani amezikomboa kwa Ramadhani.

Nikatandika mkeka sakafuni, nikalala. Kesho yake pia. Baba alitegemea nitachoka. Hakunijua. Nililala kwenye mkeka kile kipindi chote nilichokaa kwake, mvua na baridi, kitanda kipo, nimekifanya mahali pa kuweka nguo chafu. Shule nayo niliacha mwaka ule, kwa sababu nilikataa kwenda na Baba hakuwa na sauti tena ya kunilazimisha. Watu wanasema mimi nina kiburi. Kweli ninacho, na kimenilelea watoto watano bila kumpigia mtu magoti. Lakini kilianzia kwenye mkeka ule, na pale hakikunifaa kitu.

Nikaolewa Kasubi. Wiki ya pili mkokoteni ukasimama mlangoni kwangu, kitanda juu yake, kimefungwa vizuri, kimepakwa mafuta.

"Mzee wako amesema uletewe," mwenye mkokoteni akasema.

"Amesema nini kingine?"

"Hakusema kingine."

"Basi kirudishe. Na kikikushinda kurudisha, mpe yeyote utakayemkuta njiani."

Bwana yule alikuwa amechoka. Hakwenda mbali, alimpa mama mmoja aliyekuwa anauza matoke kwenye kona, naye akakifanya meza. Kwa miaka mingi nilinunua matoke juu ya kitanda changu. Jua likaugeuza ule wekundu, ukawa zambarau, ukawa kahawia, mpaka nikaacha kuuona.

Mtaniuliza: ulipokuwa mtu mzima hukufikiri? Sikufikiri. Nilisikia, kama kila mtu anavyosikia, kwamba maiti hulazwa kwenye nafasi iliyochimbwa upande wa chini ya kaburi, huwekewa vipande vya mbao ili udongo usimwangukie, ndipo kaburi hufukiwa. Lakini kwa hayo watu huokota vipande vyovyote, mabaki ya ujenzi, hata fito. Nani anapiga randa mbao ya kufukia? Nani anailainisha mpaka isikwaruze shavu? Na hasira niliyoifunga nikiwa na miaka saba sikuwahi kuifungua nitazame ndani kuna nini. Sikukuu za Idi nilikwenda Katwe na chakula, nikamwamkia Baba, nikakaa kidogo, nikaondoka. Majirani wakanisifu nina adabu. Ilikuwa rangi ya viatu juu ya kalitunsi.

Baba alikufa mzee sana, usingizini. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa mwenye nyumba, napanga masufuria, nagawa maji, nasubiri wanaume warudi waseme wamemsitiri. Mzee Ramadhani alikuja wa mwisho, anaburuta fimbo, macho yameingia ukungu. Nilimpa maji kwa sababu ni haki ya mgeni. Akanywa, akapangusa ndevu.

"Tumemsitiri," akasema. "Lakini tumemfunika kwa kalitunsi, mwanangu. Imeniuma. Mchwa watamaliza ile kabla ya mfungo ujao. Fundi kama yule."

"Angetaka mbao gani?"

"Si zile za Kongo? Tulipasua gogo, akakata kumi na nne siku ileile. Saba za mama yako, saba zake mwenyewe. Alisema walale chini ya mti mmoja." Akanirudishia kikombe. "Za mama yako nilibeba kwa bega hili. Alizipanga mwenyewe, ndani ya kaburi, hakutaka mtu mwingine aguse. Zake ndizo akakutengenezea kitanda. Nilimwambia, wewe, utafunikwa na nini? Akaniambia, 'Mtoto analala chini.'"

Kikombe nilikishika hivyohivyo.

"Kitanda kipo?" akauliza. "Ungekuwa umekitunza, tungeng'oa chaga leo."

"Mbona hukuniambia?" nikamwambia. "Miaka yote hii, mbona hakuna aliyeniambia?"

"Alinikataza. Alisema, mtoto wa miaka saba nimwambie mama yake yuko chini ya zile mbao alizokuwa anazichezea? Acha anichukie. Akikua ataniuliza." Mzee Ramadhani akainua uso wake, macho yake yale yasiyoona vizuri yakinitafuta. "Hukumuuliza?"

Siku ya pili nilitoka msibani, kitu ambacho hakifanywi, nikaenda Kasubi kwenye ile kona. Mama wa matoke alikuwa amezeeka naye. Nikamuuliza habari za meza.

"Nyabo, ile? Ilivunjika mguu. Mvua za juzi kuni zilikuwa hazipatikani, nikaipasua." Akatikisa kichwa kwa mshangao. "Lakini mbao gani zile! Zilikataa kuwaka. Nilipuliza mpaka kifua kikauma. Na nilipopiga shoka, ndani zilikuwa nyekundu, nyekundu kama nyama."

Nje jua liliziunguza, ndani zilikuwa bado nyekundu. Nilikuwa nimeupita wekundu ule kila siku nikichagua matoke.

Mama yangu yuko chini ya mbao saba alizopangiwa na mikono aliyoisifu, kule ambako jua halifiki na mchwa hagusi. Salamu zake za mikono ile sikuzifikisha. Niliagizwa, "Mwambie nimesema hivyo," nami sikumwambia. Na Baba amelala karibu naye chini ya kalitunsi, kwa ajili yangu, kwa ajili ya mtoto aliyekataa kulala.

Ndiyo maana maharagwe yalinimwagika.

Fundi alipomaliza kabati nilimwendea. "Mbao zilizobaki unipe. Nikatie saba, urefu huu." Nikamwonyesha kwa mkono.

"Za nini, Jaja?"

"Kitanda."

"Fupi hizi. Kitanda cha mtoto?"

"Kata. Na upige randa pande zote mbili."

Nimezipanga chini ya kitanda changu, nimezifunika gunia. Zaina, mtoto wa mwisho wa binti yangu, ana miaka saba na ni wa kwanza darasani kwake, na hilo nalisema kwa yeyote anayepita, akaziona siku ileile. Watoto wanaona kila kilichofunikwa.

"Habuba, hizi za nini?"

Mama yake alikuwa mlangoni, akanikazia macho. Mimi nikamkalisha Zaina sakafuni, nikamwambia. Nikamwambia shimo likoje, mtu analazwa upande gani, mbao zinakwenda wapi, na udongo. Sikumficha hata msumari. Alisikiliza huku anasugua unga mwekundu kwenye kiganja chake.

"Utakufa lini?"

"Si leo. Leo kuna maharagwe."

Akafikiri. "Mtu anaweza kuziiba. Tuziandike jina." Akakimbia, akarudi na penseli yake ya shule, akavuta ubao wa kwanza magotini. "Niandike upande gani?"

"Wa ndani. Huo utakaoniangalia mimi."

"Niandike jina lako?"

"Hapana. Andika: hiki ni kitanda changu."

Akatoa ulimi pembeni, akaanza. Alipofika katikati akasimama.

"Lakini, Habuba, kule ndani ni giza. Nani atasoma?"

Nikamwambia aandike kwa herufi kubwa.